Kuhusu ile kazi ya usafi uliyoniuliza

Mkomani, Lamu

Shoga yangu Mama Nuru,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, ila upepo wa kusi umetuzidi, mchanga unaingia hata ndani ya chandarua. Umeniuliza kama uichukue ile kazi ya usafi kwenye jengo la ofisi hapo Malindi, na dada yako anacheka, ati kufagia si kazi ya kusomea. Mwache acheke. Aje humu ndani asubuhi moja tu, atasoma.

Nyumba ninayoitunza ni ya matumbawe na chokaa, katika mji wetu huu ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Wageni wanaijua kwa picha, mimi naijua kwa magoti. Unyevu hupanda kutoka ardhini na chumvi yake, ukatokea kwenye chokaa, ukakauka. Zamani haikuwa taabu. Kisha mtu fulani akapiga viraka vya saruji, na saruji haipitishi unyevu kama chokaa, basi maji yamekosa njia, yanabambua lipu ya pembeni. Kila asubuhi nakuta unga mweupe sakafuni. Ukikimbilia ndoo umejiponza, kwani unga ule ukishika maji huwa uji, na uji ukikauka haubanduki. Kwanza brashi kavu, kisha fagio la chelewa lililokwisha lainika, jipya linakwaruza, halafu ndiyo tambara lililokamuliwa sana. Juzi alikuja fundi na wazo la kuosha kuta kwa asidi zing'ae. Nilisimama mlangoni, hakupita. Kuosha chokaa kwa asidi ni kama kuosha sukari kwa maji.

Vidaka vya ndani, vile vishubaka vya ukutani, hupanguswa kwa kitambaa kikavu, cha juu kabla ya cha chini, na penye nakshi unatumia kidole. Pana na birika la chooni lenye vijisamaki. Wale hula viluwiluwi vya mbu, kwa hiyo Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, hailikaribii hata tone. Mgeni mmoja aliniuliza kama ndicho kitoweo cha jioni!

Jengo lako halitakuwa na hayo. Litakuwa vigae, vioo na vyoo vinavyotumiwa na kila anayeingia, na kazi yenyewe iko vyooni. Hapo nisikilize: usichanganye Jik na asidi ya choo, wala usimwage moja kabla hujasuuza nyingine. Zikikutana hutoa gesi ya klorini, inakaba koo na kuunguza mapafu, na choo kisicho na dirisha ndicho kibaya zaidi. Wakikupa dawa kwenye chupa ya soda, irudishe, udai chupa yenye karatasi yake. Tambara la choo lifunge uzi mwekundu lisije likapangusa meza ya mtu. Pangaboi nalo, kila upanga uvishe foronya kuukuu, ushike juu na chini, uvute taratibu. Vumbi litabaki ndani ya foronya badala ya kukuangukia machoni. Na mvua zikianza, mto Sabaki ukishaipaka bahari yenu matope, ujue korido zako hazitasalimika. Omba mkeka wa mlangoni mapema.

Kuhusu karatasi, usione haya kuuliza. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uandikwe. Hata wakikuita kibarua, ukifanya kazi mfululizo siku zikatimia mwezi, sheria haikuhesabu tena kibarua wa siku. Wakikata asilimia 2.75 ya mshahara kwa SHA, ile bima ya afya ya serikali, hakikisha inafika huko inakokwenda. Wapo wanaokata tu. Na glavu ni zao kukununulia, si zako.

Uchafu hautakuudhi, nakujua, umelea watoto wanne. Litakalokuudhi ni mtu kukanyaga sakafu uliyopiga deki sasa hivi, simu sikioni, kana kwamba ndoo imejileta yenyewe. Wengine watakuita "wewe". Siku ya kwanza waambie jina lako, askari wa getini na bosi pia. Mimi sikufanya haraka hivyo hapa, na hadi leo kuna mmoja ananiita "mama wa usafi" ilhali nimemzidi umri mama yake.

Kwangu mimi, ichukue. Duka la jirani yako halikulipi kwa wakati, na hii angalau ina mwisho wa mwezi. Maulidi yakipita nitavuka hadi Mokowe nipande basi nije nikuone. Ila kabla hujatia saini nijulishe zamu yenyewe ni saa ngapi, maana ikiwa ni ya alfajiri, watoto nani atawapeleka chuo cha Kurani?

Mimi shoga yako,
Mama Swaleh