Rangi mbili zisikatwe kwa mkasi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo nililolishuhudia wiki iliyopita katika duka moja la dawa hapa Morogoro, ingawa naamini msomaji wa mji wowote atalitambua. Kijana aliyekuwa mbele yangu, mafua yakimtiririka, aliweka sarafu ya shilingi mia tano juu ya meza na kuomba "rangi mbili za hela hii". Muuzaji hakumuuliza cheti cha daktari wala anaumwa nini. Alichukua mkasi, akakata vidonge vinne vya amoksilini, antibayotiki (dawa ya kuua bakteria) ambayo wengi huiita rangi mbili kwa sababu ya rangi za ganda lake, akavitia kwenye kibahasha na kuandika 1x3, yaani kimoja mara tatu kwa siku. Kipande kilichobaki, ambacho sasa hakikuwa na jina la dawa wala tarehe ya kuisha muda wake, kikarudi kwenye droo.

Kwa maandishi hayo ya 1x3, vidonge vinne ni dawa ya siku moja na asubuhi ya pili, na hata hiyo haikumhusu. Amoksilini, kama ndugu zake wa jamii ya penisilini, huwazuia bakteria kujenga ukuta wa seli zao, na bakteria anayekua bila ukuta imara hupasuka akafa. Seli za binadamu hazina ukuta huo, ndiyo maana dawa hutuacha salama. Lakini virusi vinavyoleta mafua navyo havina, kwa hiyo puani mwa kijana yule dawa haikuwa na cha kupiga.

Tumboni ndiko ilikokuwa na kazi. Huko wanaishi bakteria wasiohesabika, na dawa inapopita huwaua walio dhaifu na kuwaachia uwanja wale wachache wenye kimeng'enya cha kuivunja, ambao huzaliana upesi na wanaweza hata kuwagawia bakteria wa aina nyingine uwezo huo.

Nimefanya kazi ya maabara mpaka nikastaafu. Tulipootesha mkojo wa mgonjwa tulipanga juu ya kisahani vijiduara vya karatasi vyenye dawa mbalimbali, na kesho yake tukaangalia: dawa inayofaa huzungukwa na eneo tupu, na isiyofaa huotewa na vimelea hadi ukingoni mwa karatasi. Visahani vya miaka yangu ya mwisho kazini vilikuwa na maeneo matupu machache kuliko vile vya mwanzo. Mgonjwa aliyepewa majibu ya namna hiyo husema ana "UTI sugu", yaani maambukizi ya njia ya mkojo yasiyosikia dawa, na kwamba mwili wake umeizoea dawa, kauli ambayo nimechoka kuisikia, maana mwili haukuzoea chochote. Aliyezoea ni bakteria, naye anaweza kumwambukiza hata mtu ambaye hajawahi kumeza kidonge kimoja cha antibayotiki.

Onyo si geni. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alisema katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwamba mtu anayejipunguzia dozi anaweza kuvifanya vijidudu kuwa sugu. Mwaka 2019 pekee, vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu duniani vilikadiriwa kufikia milioni 1.27.

Simlaumu kijana, kwa sababu mia tano ndiyo aliyokuwa nayo na foleni ya hospitali tunaijua. Muuzaji naye anajua kwamba akikataa, mteja atavuka barabara. Kwa hiyo naiomba TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, pamoja na Baraza la Famasi watake antibayotiki zinazouzwa reja reja zifungwe katika pakiti za dozi kamili, zenye maelezo ya Kiswahili, na ukaguzi wa maduka uanzie kwenye droo la vipande vilivyokatwa. Wizara ya Afya nayo isogeze huduma ya kuotesha vimelea hadi vituo vya afya, kwani kwa sasa daktari wa huko mara nyingi huandika dawa kwa kukisia.

Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Morogoro