Tahadhari ya mvua itaje na saa ya bamvua

Mhariri,

Kila masika tahadhari ya mvua kubwa hutolewa, na kila masika jibu mitaani ni lilelile: “Juzi walisema hivyohivyo, kwetu hata tone halikudondoka.” Huenda ni kweli. Mvua ya pwani hunyesha vipandevipande. Hapa Mombasa, Nyali inaweza kurowa huku Likoni watu wanaanika nguo. Aliyeikosa juzi huhesabu kwamba alidanganywa, na leo hazoi hata taka za mtaro ulio mlangoni pake.

Lawama si ya wakazi peke yao. “Zaidi ya milimita 30 katika saa 24” ni kitu gani kwa mwenye nyumba ya mabati? Milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba. Paa la mita 10 kwa 8 likipigwa na milimita 30 humwaga lita 2,400, yaani mitungi 120 ya lita 20. Hilo ni paa moja. Mtu akisikia hesabu hiyo redioni atauliza maji yote hayo yanaelekea wapi.

Mengi yanaelekea baharini, na bahari ina saa zake. Maji yakijaa bamvua, yaani bahari inapojaa kuliko kawaida siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hufunika midomo ya mitaro iliyo chini, na ya mvua hurudi barabarani hata kama mtaro ulizolewa jana. Siku hizo bahari ya Mombasa hujaa karibu saa 10, alfajiri na alasiri, kisha huchelewa kama dakika 50 kila siku. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, ni kama mita 1 tu. Kwa hivyo mvua ya saa 4 asubuhi siku ya bamvua hukuta bahari imekupwa, ikapata pa kutokea. Ileile ikinyesha saa 10 alasiri hukaa barabarani ikiwangoja wanaotoka kazini. Mvuvi yeyote anayajua haya. Tahadhari ndiyo isiyoyataja.

Barabarani nako kuna mazoea. Dereva hupima kina kwa kumtazama aliyetangulia, na abiria humhimiza. Maji ya kasi yenye sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Kwenye sentimita 30 gari dogo huanza kuelea. Tope nalo huficha shimo la mtaro ambalo kifuniko chake kimeshauzwa kwa chuma chakavu. Anayelazimika kupita maji yaliyotulia atangulize fimbo kabla ya mguu. Yanayokwenda kasi, asubiri yapungue.

Watu hawa hawa wanaoitwa wabishi walitii tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ilipokuwa njiani kutoka Sumatra. Waliambiwa jambo moja, watoke majini, na polisi walikuwa pale ufuoni kulisimamia. Amri ya namna hiyo haimwachii mtu kazi ya kukisia.

Ombi langu kwenu ni dogo. Karibu na utabiri wa kila siku, chapeni nyakati mbili za maji kujaa kwenye bandari ya Kilindini na kimo chake kwa mita. Siku ambayo mvua kubwa na bamvua vimekutana, andikeni waziwazi ni kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi watu wa mabondeni wapandishe magodoro na unga juu, na wanaoegesha magari penye kuinama wayahamishe.

Msomaji,
Tudor, Mombasa