Umepimwa macho, hukupewa miwani: elfu kumi yako imeenda wapi

Jumamosi iliyopita, duka langu la miwani hapa Mtwara likiwa limejaa, mzee mmoja kutoka upande wa Tandahimba alisimama katikati akasema kwa sauti iliyowafikia hata waliokuwa nje kwa muuza madafu: "Hawa wezi. Wamechukua elfu kumi yangu, wamenishikisha kikadi cheusi chenye kitundu, halafu miwani wananinyima." Waliokuwa kwenye benchi wakatazamana. Mama mmoja akachukua mkoba wake akaondoka.

Maneno hayo nayasikia kila mwaka malipo ya korosho yakianza kuingia benki na watu wakaja mjini kununua walivyoahirisha tangu masika. Mtu amejipanga kununua miwani. Akitoka na barua ya kwenda hospitali badala ya miwani, anaona ameliwa elfu kumi ya kupimwa. Dukani, foleni ikiwa nyuma yake, sipati nafasi ya kueleza vizuri, kwa hiyo naeleza hapa. Habari za mzee nimezibadili kidogo asitambulike, na mwenyewe ameridhia niandike.

Nianze na hicho kikadi, maana ndicho kilichomuudhi zaidi.

Jicho la mtu mzima ni tufe lenye kipenyo cha milimita 24 hivi. Mwanga ukiingia hupindwa mara mbili. Kwanza na konea, kile kioo angavu cha mbele, ambacho peke yake hufanya karibu theluthi mbili ya kazi yote ya kupinda. Halafu hupita kwenye mboni, tundu jeusi la katikati, na kukutana na lenzi iliyo nyuma yake, nayo humalizia. Miale yote inatakiwa itue mahali pamoja juu ya retina, utando wa nyuma ya jicho wenye chembe kama milioni 100 za kupokea mwanga. Jicho likiwa refu kupita kiasi, miale hukutana kabla ya kufika kwenye retina, na mtu haoni vizuri vya mbali. Likiwa fupi, miale hufika kabla haijakutana. Miwani husogeza mahali miale inapokutana. Haina kazi nyingine.

Sasa ukitazama chati kupitia kitundu chenye upana wa milimita 1 hivi, miale ya pembeni yote inazuiwa. Unabaki ule mwembamba wa katikati, ambao hauhitaji kupindwa ili utue sawasawa. Kwa hiyo kama shida yako ni namba, yaani unahitaji tu lenzi ya nguvu fulani, kwenye kitundu utasoma mistari miwili mitatu zaidi, bila miwani yoyote. Kama husomi zaidi, au unasoma vibaya kuliko mwanzo, kuna jambo jingine: ukungu kwenye lenzi, ugonjwa kwenye retina, au kwenye neva inayopeleka picha ubongoni. Kikadi kile hakina thamani ya kutaja, lakini kwa nusu dakika kinaniambia kama mtu huyu ni wa kwangu au ni wa daktari.

Mzee, jicho la kulia, alikuwa anaona herufi moja tu ya juu kabisa. Nikampa kikadi. Herufi ile ile moja. Nikampima presha ya jicho: 36, wakati kawaida ni kati ya 10 na 21. Jicho la kushoto 25. Nikamulika ndani, nikaona pale neva inapotokea pamechimbika kama kikombe.

Nikamuuliza dawa anazotumia. Akatoa mfukoni kichupa cha matone, kimeisha nusu. Wakati wa kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu, vumbi lile humwasha macho, na miaka miwili iliyopita duka la dawa lilimpa matone yaliyomtuliza siku hiyo hiyo. Tangu hapo hajaacha. Salfa ilishaisha, yeye akaendelea kuyatumia, kwa sababu yanatuliza kweli. Ni matone yenye steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na mwasho.

Hapa nawaomba wasomaji wa Newala, Tandahimba, Nanyamba, Masasi na wenzetu wa Lindi mnisikilize vizuri. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa muda wote na kutoka muda wote, kupitia njia nyembamba kama chujio pembeni mwa irisi, ule mviringo wenye rangi. Kwa baadhi ya watu, matone ya steroidi yakitumika muda mrefu huziba chujio hilo. Maji yanaendelea kutengenezwa, ya kutoka yanapungua, presha inapanda na kuiminya neva yenye nyuzi kama milioni 1 zinazobeba habari kwenda ubongoni. Uzi uliokufa haurudi. Matone hayo hayo huweza pia kuleta mtoto wa jicho. Daktari akiyaandika kwa wiki mbili na kukufuatilia, ni dawa nzuri. Kosa ni kuyanunua mwenyewe kichupa baada ya kichupa. Salfa ikiingia machoni, nawa kwa maji safi mengi, na siku nyingine vaa miwani ya kufunika kabla ya kuwasha mashine ya kupulizia.

Na presha ya jicho mara nyingi haiumi. Inakula kuona kwa pembeni kwanza, nawe hujui, kwa sababu ubongo hujaza pengo. Huamini? Chora msalaba kwenye karatasi, na sentimita 8 kulia kwake weka nukta nene. Ziba jicho la kushoto, kodolea msalaba kwa jicho la kulia, sogeza karatasi taratibu. Ikifika kama sentimita 30 nukta itatoweka. Pale neva inapotokea hapana chembe ya kupokea mwanga, na kila jicho zima lina pengo hilo tangu kuzaliwa, lakini hakuna anayeliona akitembea barabarani. Presha inaongeza mapengo mengine, ubongo nao unaendelea kujaza hadi unaposhindwa.

Nilikuwa naweza kumuuzia mzee miwani ya elfu sitini siku ile. Angeivaa, angeondoka na shukrani, na muda ukipita angeweza kubaki gizani macho yote mawili. Nilimwandikia barua ya kwenda hospitali ya Ligula. Hiyo ndiyo elfu kumi iliyomuuma.

Upande wa pili wa malalamiko ni wa wanaosema: kwani miwani ya kusomea si inauzwa sokoni elfu tano, tena unajaribu mwenyewe hadi upate inayokufaa? Kweli inauzwa, na wapo ambao inawatosha. Mtu wa miaka hamsini, macho yake yako sawa yote mawili, anataka kusoma Msahafu au gazeti nusu saa jioni: anunue, sina ugomvi naye. Lakini aje apimwe walau mara moja ajue kama yuko hivyo.

Ngoja niseme habari za fundi cherehani wa Chikongola. Ana miaka 46. Lenzi ya jicho utotoni ni laini, misuli iliyoizunguka huibadilisha umbo ikanenepa unapotazama karibu. Kila mwaka inakuwa ngumu zaidi, na karibu na miaka arobaini mtu anaanza kunyoosha mkono kusoma simu. Haumwi, na hakuna karoti itakayoilainisha. Dada huyu alinunua sokoni +1.50, mwaka uliofuata akanunua +2.00, kisha +3.00, kwa sababu kila ukijaribu yenye nguvu zaidi, herufi zinakuwa kubwa na unafurahi. Muuzaji naye anafurahi. Ila +3.00 inakuleta mahali pamoja tu: gawa mita 1 kwa 3, unapata sentimita 33. Cherehani yake iko sentimita 50 kutoka usoni. Ndiyo maana alikuwa ameinama kama anayechambua mchele, shingo inauma, jioni kichwa kinapasuka, na alikuwa anameza dawa za maumivu kila siku.

Nilipopima, alihitaji +1.50 jicho moja, na jicho la pili konea yake haikuwa mviringo kamili, ilikuwa imebonyea upande kama yai, kwa hiyo inahitaji lenzi yenye mhimili, yaani inayopinda mwanga zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Ya sokoni haina hiyo, pande zote mbili huwa sawa. Tena umbali kati ya mboni zake ni milimita 56, wakati lenzi za ile miwani zilikuwa na katikati mbili zilizoachana kwa 66. Milimita 5 kila upande unaziona ndogo, lakini kwenye +3.00 zinatosha kuyavuta macho kuelekea puani kuliko yanavyotaka, saa nane kwa siku. Alikuwa amenunua miwani minne. Pamoja na dawa za kichwa, alishatumia zaidi ya bei yangu, na suti ya sare ya harusi aliyoikata vibaya akailipa yeye.

Bei yangu naijua inasemwa. Lenzi ya kawaida ninayo hapa, naikata mwenyewe na kuisugua hadi ikae kwenye fremu. Yenye mhimili naagiza Dar, inakuja na basi, na ikifika na mkwaruzo narudisha. Mhimili ukikosewa nyuzi 10 mtu ataona sakafu imelala upande, kwa hiyo naupima kwenye mashine kabla ya kukata na baada ya kukata. Umeme ukikatika katikati nawasha jenereta, siachi lenzi nusu. Skrubu za chuma hewa ya bahari ya hapa inazila, kwa hiyo naweka zisizoota kutu na nakaza bure mwaka mzima. Chumba changu kina mita 3 tu, nami chati inataka mita 6, kwa hiyo nimetundika kioo kizuri ukutani ili mwanga uende na kurudi. Dakika arobaini za hivyo kwa elfu kumi, siioni aibu.

Nami nimewahi kukosea. Mwalimu mmoja alikuja ghafla haoni ubao vizuri akiwa nyuma ya darasa. Nikampima, nikamtengenezea. Baada ya wiki tatu akarudi na hasira: vya mbali vimepotea tena, akivaa ndiyo kabisa. Kumbe katikati hapo alikwenda zahanati kwa sababu ya kiu na kukojoa sana, wakamkuta na sukari, akaanza dawa. Sukari ikiwa juu lenzi ya jicho huvimba na namba hubadilika. Ikishuka namba hurudi. Nilipima lenzi iliyovimba. Kosa langu ni kutouliza kuhusu kiu. Tukasubiri wiki sita hadi sukari ikatulia, nikapima upya, nikakata lenzi nyingine kwa gharama yangu. Tangu siku ile swali la kiu ni la kwanza, na wengine wanalikasirikia: "Mimi nimekuja macho, unaniuliza mkojo?"

Kingine kinachoniuma ni macho ya watoto. Mchonga vinyago mmoja alirukiwa na kibanzi cha mpingo jicho la kulia. Alipolifunika bandeji ndipo akagundua la kushoto haoni kitu cha maana. Si kibanzi kilicholiua. Lilikuwa na namba kubwa tangu utotoni, picha yake ikawa na ukungu, ubongo ukazoea kutumia jicho moja na haukujifunza kuona kwa la pili. Ukimwahi mtoto kabla ya miaka saba au nane, kwa miwani na kuziba jicho zima saa chache kwa siku, mara nyingi jicho hufufuka. Fundi yule ana miaka thelathini na nane. Mama, leo jioni mzibe mwanao jicho moja kwa kiganja, mwambie akutajie kilicho ukutani. Kisha la pili. Haina malipo.

Mzee wa Tandahimba alipiga simu jana. Amepewa matone ya kushusha presha, ya kila siku, na steroidi ameachishwa. Jicho la kulia lililopotea limepotea, la kushoto wanasema lina nafasi. Aliniuliza kama nitamrudishia elfu kumi yake. Nilimwambia hapana, lakini akija kupimwa presha tena sitamtoza, mwaka huu wote.

Ukija, njoo na miwani yako ya zamani hata kama imevunjika, kadi ya kliniki ya sukari au presha kama unayo, na kila kichupa cha matone ulichonacho nyumbani. Watoto napima asubuhi, kabla hawajachoka.