Kwa Meya wa Louisville: wazazi wetu wanataka kusoma Kiingereza, ila darasa linafunguliwa wakiwa kazini

Mheshimiwa Meya,

Salamu kutoka kusini mwa jiji, huku ambako ndege za mizigo hupita juu ya mapaa yetu usiku kucha. Nakuandikia kwa Kiswahili nikijua kwamba utahitaji mkalimani ili unielewe. Usiudhike. Lugha hii ni miongoni mwa zile zinazosemwa zaidi majumbani mwa wanafunzi wa shule za Jefferson County, na wale ninaowasemea hapa wana haki ya kusikia nimesema nini kwa niaba yao.

Madarasa ya Kiingereza ya watu wazima yapo Louisville, tena mengi ni ya bure. Tawi la maktaba la Iroquois lina klabu ya mazungumzo ambayo imewafungua midomo watu wengi waliokuwa wakijibu kila kitu kwa kutikisa kichwa. Pale Southside Drive, kituo cha Americana kimepokea familia za kila taifa kwa miaka mingi. Mashirika yanayowapokea wakimbizi nayo yana walimu wenye moyo, wengine wakijitolea bila malipo. Sijaja kuwalaumu hao. Shida yangu ni kwamba mpango mzima umeshonwa kwa kipimo cha mtu ambaye mtaani kwetu simwoni: hana zamu kazini, hana watoto wadogo, ana gari, na huko alikotoka alisoma shule akamaliza. Mtu wa namna hiyo atajifunza Kiingereza hata kwa kutazama televisheni.

Nikueleze basi sisi ni nani. Wakongo wengi wa mtaani kwetu wametoka Kivu ya Kusini: Uvira, Fizi, Baraka na vijiji vya kando ya ziwa. Vita vya 1996, kisha vya 1998, viliwavusha Ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, na wengi waliishi kambi ya Nyarugusu kwa miaka ambayo mtoto huzaliwa, akakua, akaoa. Wengine wamepitia Nakivale nchini Uganda, Kakuma nchini Kenya, au Dzaleka kule Malawi. Nyarugusu, ingawa iko ndani ya Tanzania, shule za Wakongo zilifuata mtaala wa Kongo. Kijana aliyemaliza sekondari pale alitua uwanja wa ndege wa Louisville na Kifaransa cha darasani na Kiswahili safi, lakini Kiingereza alikuwa nacho cha kuokoteza. Mama yake hakuwahi kukaa kwenye dawati hata siku moja. Na jirani yao huenda alikuwa mwalimu wa hesabu Bukavu kwa miaka ishirini.

Hawa watatu wanapokwenda kujiandikisha, kwa kawaida hupewa mtihani wa namna moja wa kupima kiwango: soma, kisha chagua jibu A, B, C au D. Mwalimu wa Bukavu anaujua mchezo huo. Hata asipoelewa neno, anajua swali linakaa wapi na jibu linatafutwa wapi. Mama anashika kalamu kama mtu aliyepewa mkuki wa mtu mwingine. Anaweka alama popote, maana ameambiwa aweke. Akibahatisha vibaya, wanasema ni wa kiwango cha chini kabisa, ambalo ni kweli. Akibahatisha vizuri, maskini, anapelekwa mbele zaidi. Vyovyote iwavyo, mara nyingi wote hujikuta chumba kimoja cha wanaoanza, na mwalimu anaanza kwa kuandika ubaoni. Kwa mama, kile kilichoandikwa ubaoni ni michoro. Kabla ya Kiingereza anahitaji kujua kwamba mchoro ule ni sauti, kwamba tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwamba herufi kubwa na ndogo ni ndugu. Hayo angeyashika upesi zaidi kwa lugha anayoiota usiku. Lakini anafundishwa kusoma na anafundishwa lugha mpya kwa pigo moja, halafu baada ya majuma machache haonekani tena, na kwenye daftari la mahudhurio anaandikwa kuwa ameacha.

Kuna sababu ya kifedha hapa ambayo watu wa mtaani hawaielezwi. Sehemu kubwa ya fedha za elimu ya watu wazima hutoka Washington kwa sheria ya 2014 iitwayo WIOA, na sheria hiyo hutaka programu zionyeshe kwamba wanafunzi wamepanda viwango vinavyopimika. Nia si mbaya, fedha za umma lazima zihesabiwe. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anayepanda haraka ana faida kwa programu, na yule anayehitaji mwaka mzima kujua kuandika jina lake na anwani yake ni mzigo kwenye takwimu. Hakuna anayemfukuza. Ila hakuna anayelipwa kumngoja.

Sasa tuje kwenye saa, maana hapa ndipo wengi wanapoanguka, hata waliosoma. Jiji hili linaishi kwa kazi za usiku. Pale Worldport, kituo kikubwa cha UPS, mizigo hupangwa wakati wewe umelala, na maghala mengi yaliyozunguka uwanja wa ndege hufuata mwendo huohuo. Anayetoka kazini alfajiri, umwambie darasa ni saa tatu asubuhi, atakuja, na atalala juu ya daftari. Wa zamu ya pili huingia alasiri na kutoka karibu na usiku wa manane, kwa hiyo darasa la jioni la saa kumi na mbili linamkuta kwenye mkanda wa kupakia maboksi. Na katika nyumba nyingi mume na mke wamechukua zamu tofauti kwa makusudi, kwa sababu malezi ya mtoto mmoja yanaweza kumeza mshahara wa mmoja wao. Baba anarudi, mama anatoka. Wanakabidhiana funguo na mtoto kwenye maegesho. Katika ratiba hiyo, niambie, darasa linaingia wapi? Basi la TARC nalo limekuwa likipunguza safari, na mwenye kuliegemea hulazimika kuchagua kati ya kuwahi darasani na kuwahi kurudi kabla basi la shule halijamshusha mtoto.

Najua jibu tunalopewa: siku hizi kuna programu za simu. Zipo, na kwa anayejua kusoma zina msaada. Lakini programu yenyewe hukuamuru kwa maandishi, hukutaka uwe na baruapepe na nywila, na mtoto wa darasa la nne ndiye anayeishia kumfungulia mama yake. Mtoto huyohuyo ndiye mkalimani kwa daktari, kwa mwenye nyumba, na kwenye kikao cha wazazi anapotafsiri malalamiko ya mwalimu dhidi yake mwenyewe. (Hapo tafsiri huwa fupi sana, kama unavyoweza kukisia.)

Mheshimiwa, gharama ya kutojua Kiingereza haiishii kwenye aibu ya dukani. Tazama wazee. Mkimbizi mzee au mlemavu anaweza kupata SSI, fedha za kila mwezi kutoka serikali ya Washington, lakini kwa sheria ya 1996 kama ilivyorekebishwa 1997, msaada huo hukoma baada ya miaka saba kama hajawa raia. Uraia huombwa baada ya miaka mitano. Anabaki na kama miaka miwili ya kupita kwenye tundu hilo. Kwa waombaji wa kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025, mtihani wa uraia una maswali 128 ya kujifunza; mwombaji huulizwa hadi 20 na lazima apate 12, mbali na kusoma na kuandika sentensi ya Kiingereza. Upo msamaha wa lugha kwa mwenye miaka 55 aliyeishi hapa kwa miaka 15 na kadi ya ukazi wa kudumu. Piga hesabu: bibi aliyefika akiwa na miaka 66 anaupoteza msaada akiwa na 73, na msamaha wa lugha anaufikia akiwa na 81. Ipo pia fomu ya daktari kwa wenye maradhi yanayozuia kujifunza, lakini kutojua kusoma si ugonjwa, na fomu hiyo haikubali sababu hiyo peke yake. Kwa hiyo kodi ya nyumba ya bibi inategemea kama kuna mtu alimfundisha herufi katika miaka yake ya mwanzo hapa.

Na muda wa mwanzo umezidi kubanwa. Shirika linalompokea mkimbizi lina siku 90 za huduma ya mapokezi. Msaada wa fedha kwa wakimbizi wasioingia kwenye mpango wa kawaida wa kusaidia familia zenye watoto ulikuwa miezi 12. Tangu Mei 2025 umeshuka hadi minne. Katika miezi minne mtu anatafuta kazi yoyote, hatafuti darasa. Tarehe 1 Machi 2025 Rais alitia saini amri ya kukifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani, na jimbo letu la Kentucky lilikuwa limeshafanya hivyo tangu 1984. Sina ugomvi na hilo leo. Ila Julai ya mwaka huohuo wa 2025 fedha za Washington za elimu ya watu wazima zilizuiwa kwa wiki kadhaa kabla ya kuachiwa, na bajeti iliyopendekezwa na Ikulu kwa 2026 ilitaka ruzuku hiyo ifutwe kabisa. Anayeamuru watu waseme Kiingereza ndiye huyohuyo anayetaka kufunga darasa la Kiingereza. Jiji likikaa kusubiri Washington, litasubiri sana.

Louisville haihitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 1998, UPS ilipohitaji watu wa kufanya kazi usiku, kampuni, jimbo na serikali ya hapa walikaa meza moja wakaanzisha Metropolitan College: kijana anapakia mizigo usiku, na ada yake ya chuo inalipwa na kampuni pamoja na fedha za umma. Mpango huo haukumwambia kijana aache zamu ndipo asome. Ulikubali kwamba zamu ipo, ukajenga shule kuizunguka. Na nyuma ya uwanja wa Churchill Downs, karibu na mabanda ya farasi, kuna Backside Learning Center, ambako wanaoogesha na kutembeza farasi tangu kabla ya jua kuchomoza husoma Kiingereza palepale walipo. Jiji ambalo limeweza kumfuata mtunza farasi bandani linaweza kumfuata mfunga maboksi ghalani.

Kwa watoto pia tumeweza. Shule za Jefferson County zina Newcomer Academy kwa wanafunzi waliofika karibuni, kwa sababu watu walitambua kwamba mtoto mgeni hawezi kutupwa tu kwenye darasa la kawaida. Wazazi wao hawajapewa kitu cha aina hiyo.

Ninachoomba kiwe kwenye bajeti yako ijayo ni hiki. Tenga fedha za jiji zenyewe, zisizofungwa na vipimo vya WIOA, kwa ajili ya darasa la kusoma na kuandika kwa watu wazima wasiowahi kwenda shule, lianze kwa Kiswahili na kuingia Kiingereza polepole. Wa kulifundisha wapo tayari. Mwalimu wa Bukavu niliyemtaja si hadithi. Walimu wa namna yake wako wengi kwenye maghala ya jiji hili, wanabeba maboksi. Mlipe mmoja kwa saa, mweke kando ya mwalimu wa Kiingereza, uone. Darasa lenyewe lisiwe mjini. Majengo ya ghorofa tunamoishi yana kumbi za wapangaji ambazo hukaa tupu, na makanisa yetu yana vyumba; Jumapili ibada ya Waswahili ikiisha, akina mama wote wako pale, watoto wakicheza nje, hakuna anayehitaji basi.

Pili, waite waajiri wakubwa wa zamu za usiku kama serikali ilivyowaita 1998. Saa moja ya Kiingereza kabla au baada ya zamu, ndani ya jengo, ikilipwa nusu na mwajiri nusu na jiji. Wao watafaidika kabla yetu, maana maonyo ya usalama yaliyobandikwa karibu na mitambo yameandikwa kwa Kiingereza.

Na popote darasa litakapowekwa, awepo mtu wa kuwashika watoto. Bila hilo, hayo mengine usihangaike nayo.

Mwaka wa fedha wa jiji unaanza tarehe 1 Julai. Wewe huwasilisha bajeti mwishoni mwa Aprili, na madiwani 26 wa Baraza hupiga kura Juni. Kabla ya hapo, tunakuomba uje Jumapili moja usikilize, au umtume mtu mwenye mamlaka ya kuandika kifungu kwenye bajeti. Njoo baada ya saa nane mchana. Kabla ya hapo tutakuwa bado kanisani.

Kwa heshima,

Mkazi wa kusini mwa Louisville, aliyekulia Nyarugusu