Chakula cha jioni kianze kuandaliwa Jumamosi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie jambo linalozisumbua familia nyingi za mijini, lakini ambalo kwa kawaida huachwa liishie jikoni: muda unaopotea kila jioni katika kutafuta, kuandaa na kupika chakula cha usiku. Kwa mkazi wa Mbagala, Kimara au Gongo la Mboto anayetoka kazini saa kumi na moja na kufika nyumbani saa moja au mbili kwa sababu ya foleni, kula saa nne usiku limekuwa jambo la kawaida, na watoto wadogo mara nyingi hupitiwa na usingizi kabla sufuria haijaepuliwa.

Upo ushauri unaosambaa sana mitandaoni siku hizi kwamba dawa ya tatizo hili ni kupika vyakula vya wiki nzima kwa siku moja, kuvigawa katika vyombo na kuvigandisha. Siukubali ushauri huo kama ulivyo. Ugali wa juzi nani ataula? Mchicha uliopashwa moto mara mbili haupendezi kwa rangi wala ladha, na mchuzi uliotiwa tui la nazi huchacha upesi, kama anavyojua kila mpishi wa Pwani. Ninachopendekeza ni kidogo kuliko hicho, ila kina faida kubwa: tufanye mapema zile kazi zinazokula muda, na upishi wenyewe tuuache kwa jioni yake.

Chukua mlo wa wali na maharage. Wali huiva ndani ya nusu saa hivi. Kinachochelewesha watu ni maharage, ambayo yakiwa yamekaa ghalani muda mrefu huwa magumu na huweza kumaliza saa mbili na zaidi jikoni, mbali na muda wa kuyachambua mawe na kuyaosha. Yakichambuliwa na kulowekwa Ijumaa usiku, maji yakamwagwa asubuhi, yakachemshwa mengi kwa mara moja, kisha yakapoa na kugawanywa katika makopo yenye kipimo cha mlo mmoja mmoja, kazi inayobaki Jumanne jioni ni kukaanga kitunguu na nyanya na kuyaunga. Wali ukiiva, na maharage yameiva. Kwa joto la Dar es Salaam si vizuri kuyaloweka kuanzia mchana hadi kesho yake, maana maji huanza kutoa povu na harufu. Usiku mmoja unatosha. Pia maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo haiondoki kwa moto mdogo, hivyo ni lazima yachemke sawasawa kwa dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguziwa moto, hata kama yalilowekwa. Wanaotia magadi ili kuharakisha wajue kwamba magadi hupoteza sehemu ya vitamini B iliyomo.

Kisamvu nacho ni hivyo hivyo. Kukitwanga na kukichemsha ni shughuli ndefu ambayo haiwezi kufupishwa, kwa kuwa ndiyo inayoondoa sumu ya majani ya mhogo, lakini kikishachemshwa bila kuungwa hugandishwa vizuri sana, na siku ya kuliwa hutiwa karanga au tui. Dagaa wakiondolewa vichwa, wakaoshwa vizuri ili mchanga utoke, wakaanikwa tena na kukaangwa wakavu, hukaa kwenye kopo lenye mfuniko bila kuhitaji friji. Kitunguu saumu na tangawizi vikitwangwa pamoja na kutiwa mafuta kidogo na chumvi, vikahifadhiwa kwenye friji, humpunguzia mpishi zile dakika za kumenya punje moja moja huku mafuta yanaungua. Nyanya za Ilula zinapofurika sokoni na bei kushuka, ndipo wakati wa kununua tenga, kuzisaga, kuzipika hadi maji yakauke na kuzigandisha kwa ajili ya miezi ambayo nyanya nne huuzwa kwa bei ya kutisha. Mchicha, kwa upande wake, usipikwe mapema. Uchambuliwe, uoshwe, ukaushwe maji na kuviringishwa katika kitambaa safi, basi.

Watakuwapo watakaosema kuwa mambo ya kupanga chakula ni ya watu wa nje. Sidhani. Katika miji yetu ya Pwani na Visiwani, mwezi wa Shaaban kina mama na kina bibi huanika na kusaga viungo, hukata manda, hukunja sambusa na kuziweka kwenye friza, huchambua na kuosha tende na ukwaju, ili Ramadhani ikiingia wapate nafasi ya ibada na bado futari iwe mezani adhana inapolia. Hakuna aliyewafundisha hilo kwa kitabu. Swali langu ni kwa nini maarifa haya tunayatumia kwa mwezi mmoja na kuyaweka kando miezi kumi na moja inayobaki.

Lipo jambo moja ambalo likipuuzwa mpango wote huharibika. Ratiba ya chakula isiwe mzigo mwingine juu ya kichwa cha mama. Ikikaa kichwani mwake, ni yeye tu atakayejua cha kupika, na simu ya "mama, leo tunakula nini?" itamfuata hadi ndani ya daladala. Iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa jikoni: Jumatatu maharage, Jumanne dagaa, Jumatano kisamvu, na kuendelea. Hapo yeyote anayetangulia kufika nyumbani, awe baba, awe kijana wa kiume wa kidato cha tatu, anatoa kopo kwenye friza na kuanza. Kijana anayeweza kutengeneza simu iliyoharibika hashindwi kuunga maharage yaliyokwisha kuchemshwa. Na kazi ya Jumamosi asubuhi, ya kuchambua na kumenya, igawanywe kwa wote waliopo. Ikifanywa na mtu mmoja wakati wengine wanatazama mpira, tutakuwa tumemhamishia uchovu kutoka Jumatano kwenda Jumamosi.

Usalama nao uangaliwe. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili kabla ya kuingia kwenye friji, na kipoe haraka kwa kutandazwa katika chombo kipana badala ya kuachwa ndani ya sufuria kubwa. Kiporo cha wali, ambacho wengi tunakipenda kwa chai, ndicho cha kuogopwa zaidi kikilala mezani usiku kucha, kwa sababu wapo vijidudu ambavyo sumu yao haiondoki hata wali ukipashwa moto. Maharage ya kwenye friji yaliwe ndani ya siku tatu au nne. Yanayozidi hapo yagandishwe. Kuhusu kukatika kwa umeme, friza iliyojaa na isiyofunguliwafunguliwa hushikilia baridi kwa takribani saa 48, na iliyojaa nusu hushikilia kwa takribani saa 24. Wasio na friji wanaweza kuanza na dagaa, karanga za kusaga, viungo vikavu na maharage ya kulowekwa asubuhi kabla ya kwenda kazini, ambayo jioni huiva kwa muda mfupi zaidi.

Faida nyingine ni ya nishati. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ukiingia katika nyumba nyingi zenye mtungi wa gesi utakuta jiko la mkaa bado lipo uani, na ukiuliza utaambiwa ni la maharage na makande, kwa kuwa gesi ni ghali mno kuichomea sufuria moja kwa saa mbili kila baada ya siku mbili. Kuloweka na kuchemsha kwa mkupuo, hasa kwa jiko la presha, huiondoa sababu hiyo.

Ombi langu kwa gazeti lako ni dogo. Kila Ijumaa chapisheni, hata kwa kona ndogo ya ukurasa, bei za rejareja za maharage, nyanya, vitunguu, mboga za majani na samaki katika masoko ya Mabibo, Ilala, Temeke Stereo na Feri, pamoja na kutaja mazao yaliyo katika msimu wiki hiyo. Familia itakayolisoma gazeti jioni hiyo itapanga ratiba yake kwa kufuata kilicho kingi na cha bei nafuu, na Jumamosi asubuhi itakwenda sokoni ikijua inakwenda kununua nini.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi,
Kimara, Dar es Salaam