Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vyoo Vyetu Vijengwe Kiangazi

Ndugu wanachama wa Mtwara mjini, Mikindani na vijijini,

Asalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Mapato na matumizi atawasomea mhazini, nami sitarudia hesabu zake. Kamati ilikutana kama katiba yetu inavyotaka, na mikopo ya awamu iliyopita inaendelea kurejeshwa. Muda wangu nauelekeza kwenye jambo lililotuumiza kichwa mwaka mzima: vyoo vingi tunavyochimba havivuki masika.

Sababu iko kwenye kalenda yetu wenyewe. Minada ya korosho huanza Oktoba, na wengi wetu tunashika pesa Novemba au Desemba. Hapo ndipo fundi anaitwa. Mvua nazo zinaanza wakati huohuo, na zinaendelea hadi Aprili. Shimo linachimbwa kwenye mchanga uliolowa, kingo zinameguka kabla tofali hazijafika, na mwenye nyumba anabaki na shimo la wazi na deni la fundi. Kiangazi, ardhi ikiwa kavu, mfukoni hakuna kitu. Kidogo kilichopo kinakwenda kwenye salfa, ile dawa ya mikorosho, na palizi. Nimewasikia watu, hata kwenye vikao vya heshima, wakisema kujisaidia vichakani ni mazoea ya watu wa kusini. Sikubaliani nao kabisa. Mtu aliyechimba choo mara mbili na mara zote mbili kikabomoka amekwisha kuonyesha anachokitaka.

Jambo la pili ni namna tunavyogawa pesa. Tunaanza na kinachoonekana: ukuta wa tofali, bati, mlango wenye kitasa. Shimo lenyewe tunaliacha bila kujengewa ndani. Pwani yetu ni mchanga mtupu; ukuta mzito juu ya shimo lisilojengewa ndio unaoliangusha. Mafundi wetu kule Mikindani walituonyesha kazi inavyotakiwa. Shimo ni la duara, kwa sababu duara linahimili msukumo wa mchanga kuliko pembe nne. Tofali zinapangwa kuanzia chini. Kwenye kozi za chini, yaani safu za tofali, mota inawekwa kwenye viungo vya kulala tu, vile vya kusimama vinaachwa wazi ili maji yapenye ardhini. Kozi za juu zinazibwa kabisa na kupandishwa juu ya usawa wa ardhi, maji ya mvua yasiingie. Kisha inafuata sakafu ndogo ya zege yenye tundu na mfuniko unaokaa sawasawa. Utaalamu wa sakafu hizi za bei nafuu ulikuzwa Msumbiji kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa majirani zetu ng'ambo ya Ruvuma, na unatufaa hadi leo. Choo cha namna hiyo, hata kikizungushiwa makuti, ni choo bora. Ukuta utakuja msimu unaofuata.

Wanachama wa uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, shida yenu ni nyingine. Maji ya ardhini yako mbali sana chini, hivyo shimo refu halina madhara kama kwetu pwani, lakini ndoo ya maji mnaitafuta kwa taabu. Choo cha kumwagia maji kwenu ni mzigo kwa akina mama, maana ndio wanaoyabeba. Shimo la kawaida, mfuniko, majivu, na kibuyu chirizi mlangoni, yaani chombo cha kuning'iniza kinachotiririsha maji ya kunawa mikono, vinatosha. Kibuyu kinatumia maji kidogo sana kwa mnawaji mmoja, nacho kisiachwe.

Mjini nako mambo si mazuri kama tunavyopenda kuamini. WHO na UNICEF hawaihesabu kuwa huduma ya msingi pale kaya mbili au zaidi zinapotumia choo kimoja, hata kikiwa na vigae. Fikirieni nyumba zetu za kupanga, vyumba sita, familia sita, choo kimoja uani. Kikijaa, kila mpangaji anamtazama mwenzake, na mwenye nyumba anasema atakuja mwezi ujao. Gari la majitaka halipiti kwenye vichochoro. Kinachofuata mnakijua: usiku wa mvua kubwa mtu anatapisha choo, uchafu unaelekea kwa jirani na kwenye visima vifupi. Kipindupindu kinapita humo humo. Nawaomba wenye nyumba mlio wanachama, na mko wengi, muwe wa kwanza kuacha jambo hili. Tukipanga zamu ya kuchangia mtaa kwa mtaa, gari likija mara moja linahudumia nyumba kadhaa.

Kuhusu shule, mwongozo wa taifa unataka tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Wajumbe wa kamati za shule mliomo humu, hesabuni matundu yanayotumika kweli. Yaliyofungwa msiyahesabu. Angalieni pia kama binti aliye kwenye hedhi ana mahali pa kujistiri penye maji.

Kutokana na hayo yote, kamati inaleta hoja moja. Mfuko wa vyoo, ule tunaokopa kujengea, ufunguliwe Juni badala ya Novemba. Mkopo utolewe kwa vifaa, yaani saruji, tofali na nondo, wala usiwe taslimu, na ugharimie shimo na sakafu kwanza. Mkulima aanze kurejesha akishalipwa korosho zake za mnada. Mwanachama wa mjini arejeshe kila mwezi. Mjane au mzee asiye na mikorosho asiachwe nje, adhaminiwe na kikundi chake. Najua wapo watakaosema mfuko utakauka kati ya Juni na Oktoba. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana tunapendekeza kila tawi lipewe kiwango chake na lisikivuke.

Rasimu ya kanuni anayo katibu. Isomeni leo wakati wa chai, na mwenye marekebisho ayalete mezani kabla hatujapiga kura mchana.