Safari ya mlima Vuria, Taita, Jumamosi: someni kabla ya kulala

Asalaam aleikum ndugu zangu, hamjambo nyote.

Gari linaondoka Mwembe Tayari, hapa Mombasa, saa kumi alfajiri. Tafadhali msichelewe: hadi Voi ni kama kilomita 160, na lori zikifungana Mariakani asubuhi yote imekwisha. Toka Voi tunapita Mwatate, halafu tunapanda kona kwa kona hadi Wundanyi. Wenye kichefuchefu wakae viti vya mbele.

Vuria ndicho kilele kirefu kuliko vyote Taita, mita 2,208. Sisi tuliozoea joto la Kisauni hatuamini baridi mpaka itupate, kwa hiyo sweta ni lazima, hata kama huku mnatoka jasho. Upepo wa bahari yetu hii hii ndio unaopanda ile milima ukageuka ukungu na mvua, na ndiyo maana misitu ya kule ni mibichi wakati Tsavo chini yake imekauka. Mna ndege mle wasiopatikana popote pengine duniani. Basi tutembee polepole, sauti chini, na mtu asing'oe hata ua moja. Hili nawaomba kwa dhati.

Viatu viwe vya kushika. Safari iliyopita mwenzetu aliteleza kwa ndara akateguka mguu, tukambeba.

Mahamri na mbaazi nitaleta mimi. Maji kila mtu lita mbili. Bi mkubwa wetu wa magoti, wewe utabaki Wundanyi sokoni, tutakupitia tukishuka.

Atakayekosa aniambie leo kabla ya Isha, kuna watu wanasubiri nafasi.